Kama angani hakuna uvutano, ile pete ya Makueni ilivutwa na nini?

Mwalimu wa Ukambani

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari huku Ukambani, na ninaomba msaada wa kujibu swali la mwanafunzi ambalo limenikalia kooni kwa wiki nzima.

Swali lilianzia kwenye ile pete ya chuma iliyoanguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Wengi mtakumbuka kwamba ilikuwa na kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ya aina ambayo kwa kawaida huteketea inaporudi katika angahewa au huangukia mahali pasipo na watu, kama vile baharini. Wanafunzi wangu wanaijua habari hiyo vizuri kuliko wanavyoijua sura yoyote ya kitabu chao.

Sasa, nilipokuwa nikieleza tofauti kati ya tungamo na uzito, nilisema kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe, yaani kwamba wanaanga huelea ndani ya chombo kwa sababu huko juu hakuna nguvu ya uvutano. Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, kama huko juu hakuna uvutano, ile pete ilivutwa na nini hadi ikafika Mukuku?" Darasa lilicheka, nami nikacheka nalo, ila changu kilikuwa kicheko cha kujisitiri. Nilimwahidi jibu.

Liko na swali la pili, ambalo lilizuka katika vurumai iliyofuata. Mvulana mmoja alishikilia kwamba mtu akivuliwa kofia yake angani hupasuka kama puto, mwenzake akashikilia kwamba huganda papo hapo akawa barafu. Sikuweza kuwaamua, na sipendi kuingia darasani tena nikiwa na maneno ya kubahatisha.

Darubini ya Mbao

Mwalimu, salamu kutoka Dar es Salaam. Mfikishie msichana huyo pongezi zangu, kwa kuwa swali lake limenyooka kuliko sentensi uliyofundishwa, ambayo nami niliifundisha kwa miaka kadhaa kabla ya kuona aibu.

Uvutano wa dunia hauna mpaka ambapo unakoma. Hupungua tu kadiri mtu anavyokwenda mbali na kitovu cha dunia. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinazunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 400, umbali ambao ni mfupi kuliko safari ya Mombasa hadi Nairobi. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371, kwa hiyo aliyepanda kilomita 400 hajaipa dunia kisogo. Ukipiga hesabu utaona kwamba uvutano huko juu bado ni asilimia 88 au 89 ya huu tulio nao chini. Lau tungeweza kujenga mnara wa kilomita 400, kisha mtu mwenye kilo 60 akapanda hadi kileleni na kukanyaga mizani, ingemwonyesha kilo 53, naye angesimama kwa miguu yake miwili kama anavyosimama sokoni. Asingeelea hata kidogo. Mwezi wenyewe, ulio mbali nasi kwa takriban kilomita 384,400, umeshikwa na uvutano huu huu.

Kinachomtofautisha mwanaanga na mtu wa mnarani ni kwamba mwanaanga anaanguka. Anaanguka yeye, chombo chake, kalamu yake na matone ya maji yake, vyote kwa kasi moja, na kwa hiyo hakuna kimoja kinachokikandamiza kingine. Mizani ikiwekwa chini ya miguu yake itasoma sifuri, kwa kuwa nayo inaanguka pamoja naye. Uzito tunaousikia kila siku mwilini ni sakafu inayotusukuma kwenda juu; sakafu ikiacha kusukuma, tunajiona hatuna uzito, ingawa dunia haijaacha kutuvuta.

Atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini basi chombo hicho hakifiki chini. Mpe hesabu hii aifanye mwenyewe. Katika sekunde moja kituo kile husonga mbele kiasi cha kilomita 7.7, na katika sekunde hiyo hiyo huanguka kuelekea dunia kiasi cha mita 4.3. Lakini dunia si meza. Ukichora duara la njia ya kituo na kupima, utakuta kwamba katika mwendo wa kilomita 7.7 duara hilo limejipinda kwenda chini kwa mita 4.3 zile zile. Kituo kinaanguka, na ardhi inakikwepa kwa kiasi kile kile, sekunde baada ya sekunde, hadi kinamaliza mzunguko mzima kwa dakika 92 au 93 na kuanza mwingine.

Kwa maoni yangu, sehemu ya kosa ni ya lugha yetu. Tumelichukua neno "kuelea" kutoka majini. Chombo huelea kwa sababu chini yake kuna maji yanayokibeba, na asikiaye kwamba mwanaanga anaelea hudhani kuna kitu kinachombeba, au kwamba yeye amekuwa mwepesi kama unyoya. Hakuna kinachombeba. Tungesema tangu mwanzo kwamba wanaanga wako katika mwanguko usiokoma, huenda swali la mwanafunzi wako lisingehitajika.

Kwa darasa lisilo na vifaa, chukua chupa ya plastiki, itoboe tundu karibu na kitako, ijaze maji, uiache wazi juu. Maji yatatoka kwa mshindo. Sasa mwanafunzi apande ghorofani, aiachilie chupa ianguke, wenzake wakiwa chini wameitazama kwa makini: inapoanguka, maji huacha kutoka. Uvutano haukuzimwa. Maji na chupa vimeanguka pamoja, basi maji hayana cha kuyakandamiza yatoke tunduni.

Nyongeza moja kuhusu kimo, maana wengi hudhani kwenda angani ni suala la kupanda juu. Msovieti Yuri Gagarin aliizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961. Siku 23 baadaye, tarehe 5 Mei, Mmarekani Alan Shepard alirushwa hadi kimo cha kilomita 187, ambacho kinazidi ile sehemu ya chini kabisa ya njia ya Gagarin, na bado alianguka baharini baada ya dakika 15 tu. Kimo alikuwa nacho. Alichokosa ni kasi. Shepard alifikia takriban kilomita 8,300 kwa saa, na kuizunguka dunia kunadai zaidi ya 27,000. Ndiyo maana roketi, baada ya kupanda wima kwa muda mfupi, hujilaza na kutumia sehemu kubwa ya mafuta yake kukimbia kandokando ya dunia.

Sina Hakika

Mzee Darubini, nimekufuata vizuri hadi hapo pa roketi. Huko juu hakuna hewa, sote tumekubaliana. Ndege husukuma hewa, meli husukuma maji, gari husukuma barabara. Hiyo roketi inayokimbia kandokando inasukuma nini? Siulizi kwa ubishi, bali kila anayenieleza jambo hili hufika hapo akababaika.

Darubini ya Mbao

Ndugu yangu, uko pamoja na watu wakubwa. Gazeti la The New York Times lilimdhihaki Robert Goddard, mtaalamu wa roketi wa Marekani, kwa hoja hiyo hiyo mnamo Januari 1920, likidai kwamba roketi haiwezi kufanya kazi mahali pasipo na hewa kwa kuwa haina cha kuegemea. Lilichapisha masahihisho tarehe 17 Julai 1969, wakati Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini.

Umetoa mfano wa meli, basi tubaki baharini. Kasia husukuma maji, ni kweli, na hapo ndipo mazoea yanapotupoteza. Lakini liweke kasia kando, simama ndani ya mtumbwi uliotulia, kisha urushe jiwe zito kwa nguvu kuelekea upande wa tezi, yaani nyuma. Mtumbwi utasogea kuelekea omo, yaani mbele. Jiwe halikugusa maji wala halikuhitaji hewa. Wewe ulilisukuma jiwe, nalo likakusukuma wewe. Roketi hurusha gesi badala ya mawe, kwa wingi na kwa kasi kubwa mno. Hewa haiisaidii chochote, inaikwamisha tu.

Mwana wa Ngomeni

Mzee Darubini, shikamoo. Mwalimu, salamu nyingi. Naona maelezo ya mzee yamejibu kwa nini vitu vya angani havianguki, lakini pete ya Mukuku ilianguka, na msichana yule hajapata haki yake yote.

Hapa ndipo panapoingia dhana nyingine potofu, kwamba angahewa ina ukomo kama dari ya nyumba. Mstari wa kilomita 100 unaotajwa kila mahali kuwa mwanzo wa anga za juu ni makubaliano ya watu; hewa haiujui. Kwenye kimo cha kilomita 400 bado kuna chembechembe za hewa, chache sana, ila kituo kinachokwenda kilomita 7.7 kwa sekunde hugongana nazo bila kupumzika. Kwa sababu hiyo hushuka kwa wastani wa kilomita 2 hivi kila mwezi, na injini zake huwashwa mara kwa mara ili kukirudisha juu. Mabaki ya roketi hayana injini ya kuwashwa wala mtu wa kuiwasha. Hupoteza kasi kidogo kidogo, njia yao inashuka mahali penye hewa nzito zaidi, nayo huyapunguzia kasi zaidi, hadi siku moja yanaingia moja kwa moja. Kwa hiyo uvutano ulikuwepo muda wote. Hewa ndiyo iliyoiondolea pete kasi iliyokuwa ikiikinga.

Jua nalo lina mkono wake katika jambo hili. Likichachamaa, angahewa ya juu hupata joto na kutanuka, na vilivyokuwa vikipita kwa raha hukuta hewa imeongezeka njiani. Ndivyo kituo cha Skylab cha Marekani kilivyoanguka mapema kuliko ilivyotarajiwa, Julai 1979, vipande vyake vikatawanyika Australia Magharibi. Februari 2022, setilaiti nyingi kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa pamoja zilipotea siku chache tu baada ya kuondoka, kwa sababu kama hiyo.

Nimeliandika hili kwa hamu kidogo kwa kuwa linatuhusu sisi wa Ngomeni, karibu na Malindi. Waitaliano, wakiongozwa na Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa baharini mbele ya kwetu, na setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka pale, San Marco 2, iliondoka tarehe 26 Aprili 1967. Kazi yake ilikuwa ni hii hii tunayoizungumzia, yaani kupima wingi wa hewa katika anga za juu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, ikarushwa pale setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Huwa nasikitika ninapokuta wanafunzi wa pwani wasiojua kwamba neno lao limo katika kila historia ya falaki ya eksirei. Urushaji wa mwisho ulikuwa mwaka 1988.

Wazee wetu wengine walikuwa wakituambia kwamba wageni wale walichagua kwetu kwa sababu kwenye ikweta anga iko karibu zaidi. La hasha. Sababu kubwa ni kwamba dunia inajizungusha, na mtu aliye kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa bila kulipa nauli. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo inaondoka ikiwa na kasi hiyo tayari, na mbele yake ni Bahari ya Hindi, ambako vipande vinaweza kuanguka bila kumdhuru mtu.

Mwisho, pete ile ilipoanza kuingia, msuguano wa hewa uliipasha moto mkali, lakini vipande vinene vya chuma huweza kufika chini kabla ya kuteketea vyote.

Darubini ya Mbao

Marahaba, mwanangu. Nakusahihisha mahali pamoja tu. Msuguano unachangia, lakini sehemu kubwa ya joto hilo hutokana na hewa iliyo mbele ya kitu, ambayo inagandamizwa kwa ghafla kiasi kwamba haipati nafasi ya kupisha. Shika pampu ya baiskeli karibu na mdomo wake baada ya kujaza upepo, utaelewa. Ndiyo maana vyombo vinavyorudi na watu hutengenezwa vikiwa butu kwa mbele: hewa iliyogandamizwa husimama mbali kidogo na chombo, na sehemu kubwa ya joto hubaki katika hewa hiyo.

Tabibu wa Zamu

Naomba nishughulikie lile swali la pili, ambalo naona limesahaulika. Mwalimu, waambie vijana wako kwamba wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja ana chembe ya ukweli.

Mwili haupasuki. Ngozi ya binadamu ni imara, na mishipa ya damu ina kuta zinazoshikilia kanieneo lake, yaani msukumo wa ndani, hivyo hata damu haichemki kama watu wanavyosimulia. Mwili unaweza kuvimba, kwa kuwa majimaji yaliyo ndani ya nyama hugeuka mvuke, lakini kuvimba si kupasuka. Kinachochemka ni unyevu ulio wazi, kama wa machoni na mdomoni, kwa sababu maji huchemka katika joto la chini kadiri kanieneo linavyopungua. Tunalo ushahidi wa mtu aliyepona. Mnamo Desemba 1966, Jim LeBlanc alikuwa akilijaribu vazi la anga ndani ya chumba cha ombwe, yaani kilichoondolewa hewa, huko Houston, bomba likachomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, hewa ikarudishwa haraka, akaamka. Jambo la mwisho alilokumbuka ni mate yake yakichemka juu ya ulimi.

Kinachoua ni ukosefu wa oksijeni, na kinaua kimyakimya. Baada ya sekunde 10 hadi 15 ubongo hukosa oksijeni na fahamu hutoweka. Asiporudishiwa hewa ndani ya dakika chache, hatapona. Kibaya zaidi ni kubana pumzi, jambo ambalo kila mmoja wetu angelifanya bila kufikiri, kwa maana hewa iliyofungiwa hutanuka na kuchana mapafu. Wanaanga watatu wa chombo cha Kisovieti Soyuz 11, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, walifariki kwa kupotelewa na hewa tarehe 30 Juni 1971, vali ilipofunguka chombo kikijiandaa kurudi duniani. Hawakuwa wamevaa mavazi ya kuwakinga, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo mno kwa watu watatu waliovaa. Chombo chao kilitua salama chenyewe, na waliokifungua waliwakuta wamekaa vitini mwao.

Kuhusu kuganda, mwambie yule wa pili aende jikoni kwao akaangalie chupa ya chai. Kati ya kuta zake mbili hakuna kitu, ni ombwe, na ndiyo maana chai ya alfajiri inanyweka saa nne. Ombwe halinyonyi joto. Hewa baridi hukupoza kwa kukugusa, lakini angani hakuna cha kukugusa. Joto lako hutoka kwa mnururisho tu, kama joto la moto linavyokufikia ukiwa mbali nao, polepole. Unyevu wa machoni na mdomoni utapoa haraka kwa kuwa unageuka mvuke, lakini mwili mzima utachukua saa nyingi kuganda. Kituo cha anga chenyewe kinahangaika zaidi kutoa joto kuliko kulitafuta: zile bapa nyeupe kubwa zinazoonekana pichani ni za kupozea, na ndani ya mabomba yake hupita amonia.

Mwalimu wa Ukambani

Ninawashukuru kwa dhati. Leo asubuhi nilirudi darasani na chupa yenye tundu. Shule yetu ina jengo moja la ghorofa, tukapanda hadi kibarazani, nikaiachilia. Mara ya kwanza hawakuona kitu, maana muda haufiki hata sekunde moja. Mara ya tatu nilitia maji rangi ya wino, mvulana mmoja akalala kifudifudi karibu na mahali pa kuangukia, akapiga kelele kwamba yamekatika. Nililowa, lakini nililipa deni langu.

Yule msichana hakupiga kelele. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza hivi: tukiirusha chupa kwenda juu badala ya kuiachilia, je, maji yatatoka inapopanda na kukatika inaposhuka, au itakuwaje? Nikamwambia yatatoka inapopanda. Sasa nipo nyumbani na sina uhakika.

Darubini ya Mbao

Mwalimu, rudi ukamwambie ulikosea, na muirushe chupa pamoja mwone. Maji yatakatika tangu chupa inapouacha mkono, inapopanda na inaposhuka pia. Ikishatoka mkononi hakuna kinachoisukuma tena. Kasi yake ya kwenda juu inapunguzwa na uvutano kila sekunde, ya chupa na ya maji kwa kiasi kimoja, na huko ndiko kuanguka kwenyewe, hata kabla haijageuka kuja chini. Ndege za kuwazoeza wanaanga hutumia jambo hilo hilo. Hupanda kwa kasi, kisha rubani huipunguza nguvu ya injini ndege ikiwa bado inaelekea juu, na abiria huanza kuinuka sakafuni wakati huo huo, ndege ikiwa ingali inapaa. Hubaki hivyo kwa sekunde 20 na ushei, kupitia kileleni hadi inaposhuka upande wa pili. Mwambie arushe chupa wima, na asiizungushe inapotoka mkononi, la sivyo maji yatatawanyika kwa sababu nyingine kabisa.